Jembe la Siku ya Tatu

Methali ya Waswahili yasema kuwa mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Watu wengi huisoma methali hii kama onyo kwa mgeni asiyejua wakati wa kuondoka. Maana yake ni pana kuliko hiyo. Methali inafundisha kuwa heshima apewayo mgeni hutoka katika kazi ya mwenyeji, na kuwa mtu aliyekula matunda ya kazi hiyo kwa siku mbili hana tena udhuru wa kutoijua. Jembe ni kazi, na jembe ni elimu pia. Anayelishika hujua chakula alichokula kilitoka wapi, kwa jasho la nani, na kwa gharama gani.

Uko ugeni wa aina moja ulimwenguni leo ulioipindua methali hii chini juu. Ni ugeni wa kulala katika nyumba ndogo ya wageni iliyo ndani ya shamba la mizabibu. Nyumba za namna hii zipo Ufaransa, Italia, Ureno na kwingineko. Lakini barani Afrika makao yake makuu ni mabonde ya Rasi, kusini kabisa mwa bara, katika nchi ya Stellenbosch, Paarl na Franschhoek. Huko mgeni hulipa fedha ili alione jembe kwa macho, asiliguse kwa mkono, wala asisikie habari za mwenye kulishika. Ugeni huo, kwa namna unavyouzwa na kusifiwa aghalabu, ni ugeni pungufu. Upungufu wake ni wa ukweli kabla haujawa wa kitu kingine chochote, na lawama yake yawaangukia watu watatu: mwenye nyumba auzaye, mwandishi asifuye, na mgeni anunuaye bila kuuliza.

Haki itendeke kwanza kwa kukiri uzuri uliopo. Nyumba hizo aghalabu ni ndogo, vyumba vitano au sita tu, na jina la mgeni hujulikana kabla hajaweka mzigo wake chini. Kuta ni nene na zimepakwa chokaa nyeupe. Paa ni la manyasi. Uso wa nyumba umepambwa kwa mapindo yaliyoletwa na desturi ya Waholanzi. Asubuhi dirisha likifunguliwa, safu za mizabibu huonekana zimenyooka kama mistari ya daftari mpaka penye miguu ya milima. Chakula ni kizuri. Jioni mgeni huongozwa katika ghala la mvinyo, akaonyeshwa mapipa, akaonjeshwa. Mtu aliyechoka na mji, akilala mahali kama hapo usiku mmoja, akaamka amepumzika, hakutenda dhambi. Pumziko ni haki ya kila mchovu. Swali ni pumziko hilo limesimama juu ya nini, na kwa nini msingi wake hufichwa.

Tangazo la nyumba kama hizo hupenda neno moja kuliko yote. Husema kuwa shamba hilo bado linafanya kazi. Maana yake ni kwamba halikugeuzwa kuwa bustani ya kutazamwa: zabibu huchumwa, mvinyo hutengenezwa, trekta hupita. Neno hilo ndilo linalopandisha thamani ya chumba, maana mgeni hataki mapambo matupu. Ataka kulala karibu na jambo la kweli. Lakini msomaji wa Kiswahili atambue ajabu ya neno hilo. Katika lugha hii shamba halifanyi kazi. Shamba hulimwa, hupaliliwa, hupogolewa, huvunwa. Na kila kitenzi kati ya hivyo chadai mtendaji wake kama deni lidaivyo mdeni. Tangazo linalosema kuwa shamba linafanya kazi limemnyang'anya mfanyakazi kazi yake na kuipa ardhi. Sarufi imefanya kwa upole jambo ambalo historia ilifanya kwa mjeledi.

Kazi yenyewe si siri kwa mwenye macho. Katika baridi ya Julai na Agosti, mzabibu ukiwa mkavu kama fimbo, watu hupita shina kwa shina na mikasi yao wakipogoa, na uamuzi wa kila mkato hupanga mavuno ya mwaka ujao. Katika majira ya kuchipua hupunguza machipukizi na kuyafunga kwenye nyaya. Kuanzia mwisho wa Januari mpaka Machi, na pengine Aprili, huchuma. Huanza kabla ya jua kupanda, maana zabibu zilizochumwa zikiwa baridi hutoa mvinyo bora. Huinama, hukata kichala, hutia katika kreti, huinua kreti begani, huenda mpaka kwenye gari, hurudi. Msimu ukiisha, wengi wao kazi imekwisha, kwa sababu wameajiriwa kwa msimu tu. Mgeni aliye dirishani na kikombe chake cha kahawa huwaona kwa mbali. Huwaona kama aonavyo ndege: viumbe waliofanya mandhari kuwa hai.

Asili ya mandhari hayo imeandikwa. Waholanzi wa Kampuni ya India ya Mashariki walifika Rasi mwaka 1652 chini ya Jan van Riebeeck. Mizabibu ilipandwa mwaka 1655, na mvinyo wa kwanza ukakamuliwa Februari 1659. Tarehe hii ya 1659 hutajwa kwa fahari katika vijitabu vya watalii. Jambo lisilotajwa ni kuwa mwaka huo huo ndipo vita vya kwanza baina ya Waholanzi na Wakhoikhoi vilipoanza, kwa sababu ya ardhi ya malisho ambayo wageni walikuwa wameikalia. Basi mvinyo wa kwanza na vita vya kwanza ni ndugu wa umri mmoja, lakini mmoja amewekewa sherehe na mwingine amezikwa bila jina.

Mwaka mmoja kabla yake, 1658, meli zilileta mikupuo ya kwanza mikubwa ya watumwa. Kutoka hapo mpaka biashara hiyo ilipokatazwa chini ya Waingereza mwaka 1808, watumwa zaidi ya 60,000 waliletwa Rasi. Walitoka India, visiwa vya Indonesia, Bukini, na Msumbiji pamoja na pwani ya Afrika Mashariki. Kati ya 1776 na 1778 meli za Kampuni zilifika mpaka pwani ya Waswahili, Unguja ikiwemo, kutafuta watu wa kununua, na shajara za safari hizo zimehifadhiwa na kuchapishwa. Kwa hiyo msomi wa Unguja, Kilwa au Dar es Salaam asidhani kuwa habari hii ni ya watu wa mbali. Katika mikono iliyochimba mifereji ya Stellenbosch na kubeba mawe ya kuta zile nyeupe, imo mikono iliyong'olewa katika upande huu wa bahari.

Watumwa hao walinyimwa hata majina. Wengi waliitwa kwa jina la mwezi, kama Februari, Aprili au Septemba, na wengine kwa jina la mahali walikonunuliwa. Majina ya miezi yangali majina ya ukoo katika Rasi hadi leo, na mtu akiangalia orodha ya wachumaji wa zabibu hataukosa mwezi mmoja au miwili. Kwa kengele waliamshwa, kwa kengele walikula, kwa kengele waliruhusiwa kulala. Minara midogo ya kengele hizo imesimama bado katika mashamba mengi. Imepakwa chokaa na kupandiwa maua, na maarusi hupigiwa picha chini yake. Hakuna anayesema kengele zivunjwe. Linalosemwa ni kwamba kengele iliyokuwa amri juu ya miili ya watu, ikigeuzwa pambo la harusi bila hata ubao mmoja wa maelezo, inaendelea kutumika: hapo zamani iliwaita watu kazini, sasa inawaita watu katika usahaulifu.

Utumwa ulifutwa Desemba 1834, lakini waliofunguliwa walifungwa tena kwa miaka minne ya utumishi wa lazima, wakawa huru hasa Desemba 1838. Fidia ya Serikali ya Uingereza, pauni milioni 20 kwa makoloni yake yote, ilikwenda kwa mabwana. Waliotumwa hawakupata kitu. Baadhi yao walikimbilia vituo vya misheni. Pniel, kijiji kilicho kati ya Stellenbosch na Franschhoek, kilianzishwa mwaka 1843 kwa ajili ya watu hao, na gari la mgeni hupita katikati yake likielekea kwenye kuonja mvinyo. Wengi zaidi walirudi katika mashamba yale yale, maana uhuru bila ardhi ni safari isiyo na masurufu. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1856 ilifanya kuvunja mkataba wa kazi kuwa kosa la jinai kwa mtumishi, na haikufutwa mpaka mwaka 1974.

Kisha liko jambo la kikombe. Kwa vizazi vingi wafanyakazi wa mashamba ya Rasi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo duni, vikombe kadha kila siku, cha kwanza asubuhi. Shamba lilitengeneza ulevi na likautumia kama mnyororo: mtu aliyezoea kikombe hakuondoka penye kikombe. Sheria ilikataza desturi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini katazo lilikuwa la karatasi kwa muda mrefu, na kikombe kiliendelea kutolewa hapa na pale mpaka miaka ya 1990. Madhara yake hayakuisha na sheria. Jimbo la Rasi ya Magharibi limeonekana kuwa miongoni mwa mahali penye kiwango kikubwa kabisa duniani cha watoto wanaozaliwa na madhara ya pombe waliyoipata tumboni mwa mama zao. Mgeni anayeinua bilauri kuutazama mvinyo mwangani anafundishwa kutambua harufu ya matunda, ya mwaloni, ya udongo. Hafundishwi kutambua hili.

Itasemwa kuwa hayo yamepita. Mengi yamepita, na anayekana maendeleo ni mwongo sawa na anayekana maovu. Nchi imebadilika tangu mwaka 1994. Kuna sheria za kazi, mahakama na vyama vya wafanyakazi. Kuanzia Machi 2021 kima cha chini cha ujira wa mfanyakazi wa shamba kililinganishwa na cha wafanyakazi wengine, kikawa randi 21.69 kwa saa. Lakini kima hicho hakikushuka kama mvua. Mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya mashamba ya matunda na mvinyo ya Rasi ya Magharibi, likaeleza makazi yasiyofaa binadamu, wafanyakazi waliomwagiwa dawa za wadudu, na watu waliofanya kazi bila choo wala maji ya kunywa. Mwaka uliofuata, Novemba 2012, mgomo ulizuka De Doorns, penye mashamba ya zabibu za kula, ukaenea katika miji mingine ya jimbo. Kima cha chini kilikuwa randi 69 kwa siku. Wagomaji walidai 150. Watu watatu walikufa katika machafuko hayo. Kuanzia Machi 2013 kima kikawa randi 105. Kila randi iliyoongezwa ilikuwa na bei yake, na bei hiyo haikulipwa na mgeni.

Sasa lifikiwe jambo lililo kiini cha shauri hili, nalo ni nyumba. Mfanyakazi wa shamba katika Rasi, tangu zamani, hakuajiriwa tu shambani, aliishi humo. Alizaliwa humo, akaoa humo, akazika wazazi wake humo, katika kijumba kisicho chake. Kazi ikimtoka, na nyumba humtoka. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kuwa kati ya 1984 na 2004 watu wapatao milioni 1.7 walifukuzwa katika mashamba ya Afrika Kusini nzima, na kuwa ni sehemu ndogo mno, kama 1 katika 100, iliyoondolewa kwa njia ya mahakama. Na sheria ilikuwapo: tangu mwaka 1997 imeamriwa kuwa mkaaji wa shamba asitolewe bila amri ya hakimu.

Katika mashamba kadha wa kadha, vijumba vya wafanyakazi vilivyobaki vitupu vimetengenezwa upya, vikawekewa kitanda kipana, shuka nyeupe na bafu la maji moto, vikawa vyumba vya wageni. Tangazo husifu unyenyekevu wa kuta zake na ukale wa meko yake. Hapa uungwana wa maneno hauna budi kukoma. Yamkini familia iliyokaa humo iliondoka kwa hiari yake na kupata nyumba bora mjini. Mambo hayo hutokea, na ni mema. Yamkini pia iliondolewa, na sasa inakaa katika kibanda cha mabati pembezoni mwa mji, ikisubiri gari la vibarua alfajiri ije kuchuma zabibu zile zile. Mgeni anayelala humo hajui ni lipi kati ya mawili. Kutojua huku ndiko alikouziwa kwa jina la utulivu.

Hoja za upande wa pili zina nguvu, na mtu mwenye haki hazipiti kando. Ya kwanza ni ya riziki. Kilimo cha mizabibu kina faida ndogo, mvua haina ahadi, na bei ya mvinyo wa jumla ni ya chini. Nyumba ya wageni ndiyo inayolishikilia shamba lisiuzwe. Tena chumba huajiri watu mwaka mzima, hasa wanawake, ambao shambani wangepata miezi mitatu tu. Hoja hii ni kweli, na kwa sababu ni kweli inaongeza wajibu wa mwenye nyumba. Kama kitanda ndicho kinacholiokoa shamba, basi kitanda kina sauti katika mambo ya shamba, na mwenye kulipia kitanda ana haki ya kuuliza fedha yake inaokoa nani. Haiwezekani kusema kuwa mgeni ni mlezi wa wafanyakazi mia pindi anapolipa, kisha kumwambia kuwa mambo ya wafanyakazi hayamhusu pindi anapouliza.

Hoja ya pili ni ya pumziko. Husemwa kuwa mtu hakusafiri mwendo mrefu ili asomewe mashtaka. Na kuwa huzuni ya mgeni haimwongezei mchumaji hata senti moja. Neno hili lina werevu kuliko busara. Hakuna anayetaka mgeni ahuzunike. Huzuni ni nafuu. Mtu aweza kuhuzunika jioni na kusahau asubuhi. Kinachotakiwa ni kujua, na kujua si adui wa pumziko. Watu hulala salama katika nyumba za babu zao huku wakijua nani alikufa katika chumba gani. Pumziko linalovunjika kwa kusikia ukweli halikuwa pumziko, lilikuwa ganzi.

Hoja ya tatu ni ya urithi: kwamba mwana asidaiwe makosa ya babu. Na iwe hivyo kwa adhabu. Lakini katika mashamba hayo mwana hakuukataa urithi wa babu, ameuandika langoni. Mwaka wa kuanzishwa shamba umechongwa juu ya mlango na kupigwa chapa juu ya chupa, na umri huo ndio unaopandisha bei. Mwenye kurithi faida ya miaka 300 ameirithi na habari yake. Hakuna kadhi atakayekubali kumpa mtu mali ya marehemu na kumsamehe madeni yake.

Hoja ya nne ni nzito kuliko zote, nayo ni ya mfano. Katika bonde la Franschhoek, shamba la Solms-Delta lilijaribu kusema ukweli. Lilifanya uchimbaji wa mambo ya kale katika ardhi yake, likafungua makumbusho ya watu waliolijenga, likaweka majina ya watumwa ukutani, na likaanzisha amana ya kuwapa wafanyakazi sehemu katika mali. Baadaye shamba hilo lilitumbukia katika matatizo makubwa ya fedha. Wapinzani husema: tazameni malipo ya unyofu. Lakini mashamba mengi yaliyonyamaza nayo yalifilisika, na hakuna aliyesema kuwa yameuawa na kimya chao. Kuanguka kwa shamba moja ni ushahidi juu ya hesabu za shamba hilo. Kama kuna somo la jumla, ni hili: shamba moja likisema ukweli peke yake hubeba gharama ambayo ilipasa kugawanywa kwa wote. Hiyo ni sababu ya mashamba yote kusema, wala si sababu ya lile moja kunyamaza.

Lawama ya mwandishi nayo isisahauliwe, maana jarida la fasihi lina wajibu na kalamu kabla ya kuwa na wajibu na jembe. Insha za safari juu ya mashamba ya mizabibu zimekwisha kuwa na sura yake isiyobadilika. Kuna ukungu wa asubuhi. Kuna mbwa mzee wa mwenye nyumba. Kuna mkate wa moto. Kuna milima inayobadilika rangi machweo. Mwenye shamba ana jina, tabia na masimulizi. Mbwa ana jina. Mtu aliyechuma zabibu hana jina. Akitajwa, hutajwa kwa wingi, akiimba kwa mbali. Mwandishi atajitetea kuwa aliandika alichokiona. Lakini alikiona kwa sababu aliketi mahali alipowekewa kiti. Kalamu yenye heshima husimama, ikavuka ukumbi, ikaenda upande wa pili wa safu kuuliza jina.

Wala ukali huu usiwe wa kusini peke yake. Nyani haoni kundule. Unguja ina mashamba yake ya karafuu na viungo ambamo watalii hutembezwa, wakanusishwa mdalasini, wakavishwa kofia za majani. Mikarafuu mingi ya karne ya 19 ilipandwa na kuchumwa na watumwa. Hali ya utumwa haikufutwa huko kwa sheria mpaka mwaka 1897. Mtembezaji anayeeleza hilo hutoa huduma bora kuliko anayeruka kutoka iliki mpaka hiliki ya chakula cha mchana. Na huko Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na sehemu kubwa hulimwa na wakulima wadogo katika vishamba vyao wenyewe, siku ya kujenga nyumba za wageni katikati ya mizabibu huenda isiwe mbali. Ikifika, wajenzi wake watakuwa na bahati ambayo Rasi haikuwa nayo: ya kuanza na mkulima mwenye jina na shamba.

Yanayodaiwa si makubwa. Mwenye nyumba adaiwe mambo matatu. Aandike ukutani, kwa herufi zisomekazo, nani alilijenga shamba na kwa hali gani, pamoja na majina yaliyomo katika hati. Aseme wazi, kwa kila kijumba alichokigeuza chumba, nani alikaa humo na alikwenda wapi. Na aoneshe masharti ya kazi ya watu wake kwa uwazi ule ule anaoonesha aina ya zabibu na umri wa pipa. Jambo la mwisho si geni katika biashara hiyo: tangu mwaka 2002 kuna chama kiitwacho WIETA kinachokagua hali ya kazi katika mashamba ya mvinyo, na tangu mwaka 2012 chupa za mashamba yaliyofaulu zimeweza kubeba alama yake. Ukaguzi una kasoro zake, lakini umethibitisha kuwa chupa yaweza kuulizwa maswali bila mvinyo kuchacha. Kitanda nacho kiulizwe.

Mgeni naye adaiwe maswali matatu, ayaulize kabla ya kulipa: nani huchuma zabibu hizi, hulala wapi usiku wa leo, na chumba hiki kilikuwa cha nani. Hayahitaji ujasiri wala ghadhabu. Yaulizwe kwa adabu, kama mtu aulizavyo saa ya chakula. Mwenye nyumba mwema atafurahi kujibu, maana ana la kueleza. Na wako wenye nyumba wema, wanaolipa vizuri, waliowajengea watu wao makazi ya haki, ambao kimya cha jumla kinawachanganya na wabaya. Mwenye nyumba atakayekasirika atakuwa amejibu. Mgeni mmoja akiuliza ataitwa msumbufu. Wageni mia wakiuliza, swali litakuwa desturi, na desturi huingia katika hesabu za mwaka. Ususiaji wa kuhamisha fedha kimya kimya hautafanya hivyo. Utamwondolea mwanamke wa chumbani kazi yake bila kumfunza bwana wake lolote.

Waliotunga methali ya jembe hawakumfukuza mgeni. Walimtaka abaki, lakini abaki kama mtu wa nyumba, mwenye kujua mzigo wa nyumba. Anayekwenda katika shamba la mizabibu hatapewa jembe mkononi. Mikono yake haina ujuzi, na mzabibu haustahimili mkato wa mjinga. Jembe lake ni swali. Akilikataa, atakuwa amekula siku mbili, akalala siku ya tatu, na mwenye kumlisha hajui hata uso wake.